Orodha ya Wachungaji Siyo Historia

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na kijitabu. Siyo kijitabu kimoja, ni ukoo mzima wa vijitabu, na ninyi nyote mnaujua. Hutolewa siku ya jubilei ya usharika. Kurasa 16, zikizidi sana 20. Jalada la rangi, askofu mbele, jengo nyuma. Ukifungua ndani unakuta mwaka, halafu mtumishi wa Mungu aliyefika mwaka huo, halafu orodha ya wachungaji waliofuata, halafu idadi ya mabati, halafu matatizo matatu na mafanikio saba, halafu shukrani kwa mgeni rasmi. Watu wanakinunua kwa heshima, wanakibeba nyumbani, na baada ya wiki mbili kinafungia karanga pale stendi.

Hapo ndipo historia yetu inapoishia, ndugu zangu. Kwenye karanga.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Wanaotujua kwa kupita wanadhani mji wetu ni foleni ya malori tu, na vijana wenye vibunda vya kwacha wanaobadilisha fedha kando ya barabara. Hawajui kwamba Jumapili asubuhi, kabla injini hazijaanza kunguruma, mji huu ni kwaya kutoka Sogea mpaka Majengo mpaka Mpemba. Kila kona ina kanisa, na kila kanisa lina watu waliolibeba mabegani. Ndiyo maana nilitaka kuandika habari za usharika mmoja mdogo wa Kimethodisti hapa mjini. Jina lake siliweki, maana hoja yangu haiwahusu wao peke yao.

Nikapewa karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye majina ya wachungaji wanne na miaka yao. Basi. Nikamwuliza mzee mmoja, "Shikamoo mzee. Kabla mchungaji wa kwanza hajafika, mlikuwa mnasali wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Marahaba mwanangu. Ah, wakati huo kanisa lilikuwa bado. Tulikuwa tunasali tu kwa mama mmoja, nyuma ya duka lake."

Jamani! Kanisa lilikuwa bado? Watu wanakusanyika kila wiki, wanaimba, wanaombea wagonjwa, wanachangishana nauli ya kusafirisha maiti, mama wa watu anahamisha magunia yake ya mahindi kila Jumamosi jioni ili watu wapate pa kukaa, halafu eti kanisa lilikuwa bado! Kanisa likaja kuanza siku ile mwenye kola alipoteremka kwenye basi na begi lake?

Simlaumu mzee. Amefundishwa kuhesabu hivyo. Ninachopinga ni mafundisho yenyewe, na ninayapinga kwa sababu mbili: ni ya uongo, na kwa Wamethodisti hasa ni ya kujikana.

Hebu tuangalie Umethodisti ulikotoka. John Wesley alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, na alikufa kasisi wa kanisa hilo mwaka 1791. Hakutaka kuanzisha dhehebu. Mwaka 1739 alianza kuhubiri nje, uwanjani, huko Bristol, kwa wachimba makaa na watu ambao mlango wa kanisa la mjini ulikuwa mzito kwao. Mwaka 1742 watu wa Bristol walikuwa na deni la jengo lao la kusalia. Deni! Nadhani hapo hata sisi wa Tunduma tunaelewana na Waingereza wale. Wakakaa kulijadili. Akasimama nahodha mmoja mstaafu wa meli, Kapteni Foy, akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wengine wakasema, wapo maskini hawawezi. Foy akasema, basi niwekeeni 11 walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila wiki, na asiyeweza nitamlipia mimi.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa madarasa ya Kimethodisti, yale makundi ya watu kama 12 na kiongozi wao, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kanisa lile. Wesley aliona upesi kwamba anayezunguka nyumba kwa nyumba kudai peni anajua pia nani anaumwa, nani amerudia pombe, nani ana njaa. Wazo hilo halikutoka kwa askofu. Lilitoka kwa baharia aliyekuwa anafikiria deni. Na Wamethodisti wa kule wakaliandika jina lake, ndiyo maana hata mimi mtoto wa mpakani, karibu miaka 300 baadaye, ninalijua.

Na siyo wanaume tu. Mwaka 1761 mwanamke mmoja, Sarah Crosby, alikuwa anaongoza darasa mji wa Derby. Alitegemea watu wachache kama kawaida. Wakaja karibu 200. Angewafanya nini? Akasimama akasema nao. Wakati huo mwanamke kuhubiri lilikuwa jambo zito kweli kweli, lakini habari ile imeandikwa, haikufichwa nyuma ya duka.

Sasa nawauliza ndugu zangu Wamethodisti wa Tunduma, bila ya dharau: Foy wenu ni nani? Sarah Crosby wenu ni nani? Mnao, mimi ninajua mnao, nimewaona wakikusanya sadaka za mtaa kwa kopo la maziwa. Mbona kwenye karatasi hawamo?

Mtu atasema, hayo ni ya Wazungu, sisi tuna desturi zetu. Sawa, turudi nyumbani. Huku kwetu ndiko hoja yangu inakopata meno.

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, lakini ardhi hii ilishapasuliwa zamani. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba huko Ulaya, wakagawana nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 wapimaji wao wakaja kupitisha mpaka wenyewe. Wanamwanga wakaamka siku moja wako nchi mbili. Makanisa nayo yakafuata mkasi uleule. Upande wa Waingereza, Waskoti wa Livingstonia walikuwa wameshafungua Mwenzo, katika nchi ya Wanamwanga, katikati ya miaka ya 1890. Upande wa Wajerumani, Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 wakasogea hadi Mbozi mwishoni mwa miaka hiyohiyo, na Traugott Bachmann akakaa pale na Wanyiha mpaka lugha yao akaiandika.

Majina haya ya Wazungu mtayakuta bila shida. Waliweka shajara, walituma barua, walipiga picha. Lakini Bachmann hakuzaliwa anajua Kinyiha! Kuna watu walikaa naye jioni nyingi wakimsahihisha matamshi, wakimcheka pengine, wakimwambia neno hili halisemwi mbele ya mkwe. Hao ndio waliotafsiri. Niambieni majina yao yako kwenye kijitabu gani cha jubilei.

Na hapa niwape siri ambayo ingefaa kila kijana anayetaka uandishi huku kusini aijue. Wamoravian wana desturi ya tangu karne ya 18: muumini wa kawaida huandika, au husimulia na kuandikiwa, habari za maisha yake, na habari hizo husomwa siku ya mazishi yake. Siyo maisha ya askofu tu. Fundi viatu, mjane, mjakazi, wote. Desturi hiyo ilipanda meli ikaja mpaka huku. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari aliyeishi Utengule, aliketi na wanawake wa huku waliopita katika utumwa, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja aliitwa Narwimba. Mwingine Chisi. Walitekwa, waliuzwa, walitoroka, walibadilishwa mikono kama mbuzi, na wakaishi wakasimulia. Yupo pia Msatulwa Mwachitete, Mnyiha aliyekuja kuwa mwalimu wa kanisa. Maisha yake yalitoka kitabu kwa Kiingereza mwaka 1932. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliwarudisha watu hawa katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati.

Mmeona? Mwanamke aliyekuwa mali ya mtu, asiye na cheo chochote kanisani wala kwa mtemi, leo anasomwa vyuo vikuu vya mbali. Na sisi wajukuu zake, wenye simu mkononi na shahada kabatini, tunashindwa kuandika habari za mama mwenye duka aliye hai, anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu!

Tena sikilizeni hili la ajabu. Huyo Wesley wa Wamethodisti alijifunza kwa nani? Kwa Wamoravian. Alipokuwa njiani kwenda Marekani, meli yao ilipigwa na dhoruba, na yeye kasisi akaogopa kufa huku Wamoravian wakiimba zaburi. Jambo hilo lilimchoma moyoni. Mwaka 1738, huko London, Mmoravian Peter Böhler ndiye aliyemshika mkono kabla ya usiku ule wa Aldersgate, tarehe 24 Mei, ambao Wamethodisti wanauadhimisha hadi leo. Kwa hiyo Mmoravian wa Vwawa na Mmethodisti wa Tunduma ni jamaa wa zamani, na urithi wao wa pamoja ni mmoja: mtu wa kawaida kusimama na kusema maisha yake. Mmoja anausema kaburini, mwingine anausema darasani. Halafu wote wawili wamekuja kutuandikia orodha ya wachungaji! Hii ni noma, wandugu.

Nini kinapotea? Nitawapa mfano mkubwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia huku na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa wakaondolewa. Baadaye Waskoti wa Livingstonia walisaidia kuangalia sharika zile, na Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo nani alizika? Nani alifundisha watoto? Nani alitatua ugomvi wa mahari? Walimu na wazee wa kienyeji. Lakini vijitabu nilivyosoma vinakiruka kipindi hicho kwa mstari mmoja, eti kazi ililegea kwa sababu ya vita. Haikulegea. Ilikuwa mikononi mwa watu ambao hatukuzoea kuwahesabu. Miaka ileile, ng'ambo ya mpaka, Hanoc Sindano alikuwa anahubiri mafundisho ya Watchtower na kuwatikisa wamisionari na serikali kwa pamoja. Ukisoma kijitabu cha jubilei utadhani huku watu walikuwa wamelala wanamsubiri mchungaji.

Hata Wamethodisti wa pwani wana jeraha hili. Thomas Wakefield alifungua Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na kila mwanafunzi wa historia ya kanisa anamjua. Lakini sharika zile zilijaa watoro waliowakimbia mabwana zao. Mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ililipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni vya pwani, Rabai na vya Wamethodisti. Watu 1,400 na zaidi! Kila mmoja alikuwa na usiku wake wa kutoroka. Hesabu ya fedha ikabaki, kwa sababu fedha ina karani.

Sasa turudi Tunduma ya leo, maana hapa mambo ni magumu zaidi, na kwangu ndiyo matamu zaidi. Mwaka 1965 ng'ambo ya pili Waskoti na Wamethodisti waliungana na wengine wakawa United Church of Zambia. Kwa hiyo bibi wa Nakonde aliyebatizwa Mwenzo kama mtoto wa Waskoti akajikuta kanisa moja na Wamethodisti bila kuhama kiti. Upande mwingine, United Methodist ya Tanzania kwa miaka mingi iliangaliwa na askofu wa Katanga Kaskazini, huko Kongo. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita hapa. Barabara kuu ya kwenda Zambia na Katanga inapita hapa. Oktoba 2019 marais wawili walikuja kufungua kituo cha pamoja cha forodha. Katika mji kama huu usharika hauanzi kwa mtu mmoja kufika. Unaanza kwa dereva aliyelala siku nne kwenye foleni na akatamani wimbo wa kwao. Unaanza kwa binti wa Kinamwanga aliyeolewa ng'ambo akarudi na kitabu cha nyimbo cha Kibemba. Unaanza kwa mchuuzi wa vitenge anayesali kwa Kiswahili cha Lubumbashi mpaka watoto wanacheka nyuma.

Niliwauliza watu watatu wa usharika ule mmoja nani aliuanzisha, nikapata mianzo mitatu. Wa kwanza alisema wenye kuuanzisha ni watu wa ng'ambo. Wa pili alisema ni Wakongo. Wa tatu, mwanamke, alisema, "Sisi wenyewe, mwanangu, hao wengine walitukuta." Mhariri wa kijitabu angechagua mmoja, akawanyamazisha wawili. Mimi nasema: andika yote mitatu! Hiyo mianzo mitatu ndiyo Tunduma yenyewe.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza inatoka kwa wazee: kijana, ukiandika hayo utaleta ugomvi, watu watadai kiwanja, watadai uongozi. Nawajibu kwa heshima zote: shikamooni, lakini ugomvi upo tayari. Sharika zinagawanyika kila kukicha, na kila kundi linaondoka na historia yake mdomoni, kwa sababu hakuna daftari la kulipima. Pasipo maandishi, mwenye sauti kubwa ndiye mwanzilishi. Mama mwenye duka hana sauti kubwa. Akifa, duka litauzwa, na mwaka utakaofuata atatokea mzee mwenye suti kusema sala zilianza sebuleni kwake.

Pingamizi ya pili inatoka kwenu, washikaji zangu waandishi, na hii ndiyo inaniuma. Mnasema habari za kanisa siyo fasihi. Mnataka kuandika mapenzi, mvua ya Dar es Salaam, upweke wa mtu aliyeketi baa akitazama sigara. Wengine hamjawahi hata kufika hiyo Dar, mnaiandika kutoka kwenye filamu! Kuuza sura tu huko. Hivi mwanamke anayehamisha magunia ya mahindi kila Jumamosi kwa miaka, bila mtu kumwomba wala kumshukuru, siyo fasihi? Kopo la maziwa lenye sarafu za nchi mbili siyo fasihi? Mwanakwaya aliyetunga nyimbo 40, zinaimbwa mpaka Mlowo, na jina lake halipo popote? Mnatafuta wahusika wa hadithi wakati wahusika wanawasalimia kila asubuhi.

Wala simsemi asiye Mkristo akae pembeni. Msikiti wa mtaani kwako una yuleyule aliyechota maji ya udhu wa kwanza. Chama chenu cha kufa na kuzikana kina yuleyule aliyeshika daftari la kwanza. Kazi ni ileile.

Basi kazi yenyewe ifanyweje? Nitasema kwa ufupi, maana waandishi wa kulaumu tu tumewachoka. Anza na madaftari: la sadaka, la ubatizo, la mahudhurio ya kwaya. Mengi yako chini ya vitanda vya watu, mchwa wanayasoma kabla yako. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa, uyarudishe. Usianze kwa mchungaji. Anza kwa aliyepika siku ya msingi, kwa aliyebeba mchanga, kwa fundi ambaye hakulipwa yote. Uliza ibada ilikuwa kwa lugha gani, na nani alikuwa anatafsiri. Uliza nyimbo zilitungwa na nani. Uliza nani aliondoka kwa hasira, halafu nenda ukamsikilize naye. Miaka isipolingana, andika yote miwili na useme nani alisema upi. Mtu akikuomba usiweke jina lake, usiliweke. Ukimaliza, msomee yule aliyekusimulia kabla ya kuchapa, kwa sauti, kwenye kiti chake. Wamoravian wa zamani walisubiri mazishi, sisi tusisubiri.

Na kama usharika hauna fedha za kuchapa, chapeni kwa mashine ya kurudufu, bandikeni mlangoni, leteni kwenye gazeti hili. Kurasa nne za kweli zinatosha.

Mama mwenye duka nimemwomba tuongee Jumamosi ijayo. Amesema nije mapema, kabla wateja wa dagaa hawajafika, na nije na daftari langu mwenyewe kwa sababu yeye la kwake limejaa madeni. Nani anakuja na mimi?